Benchi la Bibi Stoyna

Wahenga hawakuwa watu wa kupoteza maneno. Waliposema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walimaanisha kwamba kitu chema hakihitaji kupigiwa tarumbeta. Watu watakitafuta wenyewe hata kikifichwa uvunguni. Kitu duni nacho huwa kiguu na njia, kutwa kikijitangaza, kwa kuwa kinajua kikinyamaza hakuna atakayekiulizia. Wapo wanaodhani methali hii inahusu nguo na wachumba tu. Hao hawajafika Dolna Vishna, mji wetu mdogo huku Bulgaria, wala hawajawahi kukaa kwenye benchi la Bibi Stoyna.

Kiwanda cha rangi cha Dolna Vishna kiliongozwa na Plamen Barzakov, mtu mwenye suti tatu na sauti moja kubwa. Barzakov hakuwa mwovu. Alikuwa na haraka tu, na alipenda sifa kama paka apendavyo jiko. Nyuma ya ghala lake, katika chumba ambacho zamani kilikuwa cha kufulia sare, palikuwa na maabara. Humo alifanya kazi Zornitsa, mkemia wa miaka arobaini na miwili, mwanamke mpole aliyezoea kuomba radhi hata kwa kiti alichokikwaa.

Kwa miaka mitano Zornitsa alikuwa akitafuta rangi ya mbao isiyomdhuru mtu wala udongo. Hakutaka thina ya kuzimulia rangi wala ile mivuke inayowaumiza wapaka rangi vichwa. Alichukua maziwa yaliyochacha, ambayo kiwanda cha maziwa cha jirani kilikuwa hakina pa kuyapeleka, akayagandisha, kisha akauchanganya mgando huo na chokaa na mafuta ya mbegu za kitani. Kusema ni rahisi. Jaribio la tatu lilioza ndani ya kopo na kunuka hata mlinzi akapiga simu polisi. La kumi na tisa lilipendwa mno na paka wa mji mzima, wakalilamba hadi ukuta ukabaki mtupu. La arobaini lilidumu mpaka mvua ya kwanza. Jaribio la sitini na moja ndilo lililokubali. Zornitsa hakulipa jina. Aliandika "61" kwenye makopo kumi na saba, akasema asubiri majira mengine ya baridi yapite ndipo aamini.

Kwa kawaida rangi hupimwa kwa mashine inayoigiza jua, mvua na baridi. Zornitsa aliiomba mashine hiyo mara nne, na mara nne Barzakov akamjibu kwamba jua liko nje, bure. Basi akaamua kutumia benchi. Katika mji wetu kila nyumba ina benchi nje ya geti, na kila benchi lina mabibi wake, ambao hukaa hapo tangu theluji iyeyuke hadi irudi tena, wakitafuna mbegu za alizeti na kuwachambua wapita njia. Hakuna mashine duniani inayotesa mbao kama wao. Zornitsa alilipaka benchi la Bibi Stoyna rangi namba sitini na moja, ya buluu iliyopauka kidogo, na kila Ijumaa alipita na daftari lake.

"Andika, mwanangu," Bibi Stoyna alikuwa akimwambia. "Dimka amekaa hapa tangu Pasaka, na Dimka si mwepesi."

"Nimekusikia!" Bibi Dimka aling'aka.

"Nimesema ili usikie. Andika: haijabanduka. Yordana amemwaga kahawa mara mbili, imefutika. Mjukuu wake ameikwaruza kwa msumari, nimemchapa."

"Na mbuzi wako, Bibi?" Zornitsa aliuliza.

"Mbuzi hulilamba kila asubuhi. Mwanzoni nilimfukuza, sasa nimemwacha. Maziwa yameongezeka."

Zornitsa aliandika yote. Hakujua kwamba mtaa mzima ulikuwa ukiandika pia, kwa namna yake. Mwisho wa majira ya pili ya baridi majirani tisa walikuwa wamekwisha kumwomba kopo la ile "rangi ya Stoyna" kwa ajili ya mageti yao, naye aliwagawia masalio ya sitini na moja yaliyobaki kwenye ndoo huku akiomba radhi kwamba hayakuwa kamili.

Mambo yakaharibika Jumatatu moja ya mwezi wa Mei. Barzakov aliingia maabara bila kubisha hodi, mkononi ana kopo linalong'aa, lenye picha ya jani ubavuni.

"Dada Zornitsa, tumeokoka! Ijumaa anakuja bwana mmoja kutoka Denmark, Asger Thorup. Anatengeneza meza na bembea za mbao za shule za chekechea. Anatafuta rangi ya kijani, salama kwa watoto na mazingira. Na mimi ninayo!"

Zornitsa alilifungua kopo na kunusa. Macho yakamtoka machozi. "Mkurugenzi, hii si ile rangi ya mapipa tuliyonunua mwaka jana, ile ya kupaka mageti ya chuma?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Lakini ilikuwa ya kijivu. Sasa tumeitia kijani."

"Bwana huyo anaposema ya kijani, nadhani ana maana ya isiyodhuru mazingira, hasemi habari ya..."

"Ya kijani ni ya kijani! Nje ya kijani, ndani ya kijani, kopo la kijani. Unataka nini zaidi, na mimi nipakwe?" Barzakov alitazama kuta za maabara kama mtu apimaye chumba cha kupanga. "Miaka mitano unapika jibini humu, dada yangu. Ijumaa, shughuli ikiisha, chumba hiki kitakuwa ukumbi wa maonyesho. Hayo makopo yako yasiyo na jina yatupwe. Wewe utahamia upande wa kufunga mizigo. Kuna dirisha zuri kule."

Zornitsa alibaki akiyatazama makopo yake kumi na saba, akaona uchungu wa mama anayeambiwa mwanawe hana sura. Alipomweleza Bibi Stoyna habari hizo jioni ile alilia waziwazi, na Bibi Stoyna, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza, alimpa kipande cha banitsa, andazi la jibini, na kumwambia ale kwanza, ulimwengu utangoja.

Barzakov naye hakulala. Alitundika bendera, akachapisha mabango yaliyosema "RANGI YA KIJANI: HATA MTOTO ATAILAMBA!", akakodi gari lenye vipaza sauti viwili juu na wapiga zumari watatu ndani. Zaidi ya hayo, alibandika tangazo kuhusu vichwa. Sisi Wabulgaria tunapokubali jambo hutikisa kichwa huku na huku, na tunapokataa hukiinua na kukishusha. Ulimwengu mwingine, kwa sababu unazozijua wenyewe, hufanya kinyume. Tangazo liliwaamuru wafanyakazi wote wafuate desturi za wageni siku ya Ijumaa. Kwa siku tatu kiwanda kizima kilifanya mazoezi ya kuitikia. Kufikia Alhamisi hakuna aliyejua tena alichokuwa akikubali. Fundi mmoja aliulizwa kama anataka supu, akazungusha kichwa duara, akakosa chakula cha mchana.

Ijumaa ikafika. Tangu asubuhi lile gari la vipaza sauti lilizunguka mji likitangaza rangi ya kijani kwa watu ambao wote walikuwa wakifanya kazi katika kiwanda kilichoitia kijani. Bwana Thorup alipoingia mjini, mrefu, mkimya, ana ndevu nyeupe na gari dogo lenye kibebeo cha mbao juu ya paa, gari la matangazo lilimkuta kwenye mzunguko wa barabara na kumwandama kwa heshima zote. Zumari zililia dirishani mwake. Alivumilia mitaa miwili. Kwenye wa tatu akakata kona ghafla, akaingia uchochoro wa kwanza aliouona, akazima injini na kushika kichwa. Alikuwa amesimama mbele ya geti la Bibi Stoyna.

Aliona mabibi watatu, mbuzi mmoja, na benchi. Kwa heshima aliomba kuketi, nao wakainuka kumpisha. Bwana Thorup aliketi, akashusha pumzi, na mkono wake ukagusa ubao. Mkono wa seremala hauna likizo. Ulipapasa, ukarudi, ukapapasa tena. Akainuka, akapiga goti, akakwaruza kwa ukucha, halafu kwa ufunguo. Akanusa. Akatoa kioo cha kukuzia mfukoni na kulikagua benchi miguu yote minne, huku mbuzi akiendelea kulilamba upande wa pili bila kujali wageni. Kisha akainua macho na kuuona mtaa: mageti tisa, buluu ile ile, hakuna hata moja lililobanduka.

Kibulgaria chake alikuwa amekipata kwenye kijitabu. "Mama mzuri," alimwambia Bibi Stoyna, "benchi hii, mimi chukua? Kiwanda. Onyesha. Saa moja. Rudisha."

Bibi Stoyna alikuwa na konzi nzima ya mbegu za alizeti mdomoni. Hakuweza kusema neno, lakini jibu alikuwa nalo. Alikiinua kichwa juu, akakishusha chini, kwa uzito wote wa mwanamke anayekataa katakata.

"Asante! Asante sana!" Bwana Thorup alisema, uso umemkunjuka. Akalibeba benchi, akalifunga juu ya gari kwa mikanda miwili, akawapungia mkono na kuondoka.

Kwa muda mfupi hakuna aliyeamini. Mbuzi alibaki ameutoa ulimi hewani. Kisha Bibi Stoyna akatema mbegu zote.

"Mwizi! Jamani, mwizi! Nimemkatalia mbele ya mashahidi!"

"Nilikuona ukikataa," Bibi Yordana alithibitisha. "Mara mbili."

"Tena ananishukuru! Mwizi wa kisasa huyo, anaiba kwa adabu! Dimka, muamshe Gancho atoe trekta!"

Gancho, jirani yao, aliliwasha trekta lake bila kuuliza, maana katika mtaa ule kumuuliza Bibi Stoyna kulichukua muda mrefu kuliko kutii. Mabibi watatu walipanda kwenye tela, na mbuzi, ambaye kamba yake Bibi Dimka alikuwa bado ameishika, akapandishwa naye.

Kiwandani shughuli ilikuwa imepamba moto. Uwanja ulijaa viti vilivyopakwa rangi ya kijani jioni iliyotangulia, na juu yake waliketi Meya na wakubwa wa mji. Mlangoni alisimama msichana amevaa vazi la jadi, mikononi ana mkate wa kumlaki mgeni na kibakuli cha chumvi. Zornitsa alikuwa amewekwa kando, karibu na meza ya vitafunio, na kuagizwa asizungumze. Kupitia dirisha la maabara aliweza kuyaona makopo yake kumi na saba yakiwa tayari kwenye toroli la taka.

Bwana Thorup alipoingia na benchi kichwani, Barzakov alidhani ni desturi ya Denmark. Akampokea kwa hotuba. Alisema rangi yake inakauka kwa saa moja, haina harufu, inadumu miaka hamsini, inafukuza mbu, na kwamba wataalamu kumi na wawili waliitafiti mchana na usiku. Zornitsa alihesabu wataalamu wa kiwanda kile, walikuwa yeye peke yake.

"Na sasa, Mheshimiwa Meya atakata utepe!"

Meya aliinuka. Kiti nacho kikainuka. Akageuka kukitazama, kikageuka naye. Aliyekaa jirani alitaka kumsaidia, akasikia suruali yake ikilia kwa nyuma, akaketi tena upesi. Uwanja mzima ulianza kujinyonganyonga. Wakubwa wa mji walishika viti vyao kwa mikono miwili na kuvuta kama watu wang'oao mihogo. Bwana Thorup alimgeukia fundi aliyekuwa karibu na kumuuliza kama rangi imekauka. Fundi alikumbuka tangazo la vichwa, akatikisa, akainua, akatikisa tena, mwisho akakimbia.

Hapo ndipo trekta lilipoingia.

"Huyo hapo! Plamen!" Bibi Stoyna aliita kabla hajashuka. "Plamen mwana wa Radka! Mgeni wako ameniibia benchi!"

"Bibi, tafadhali, kuna shughuli ya kitaifa hapa..."

"Shughuli gani? Meya amegeuka kobe! Nataka benchi langu!"

Zornitsa alisahau agizo la kunyamaza. Alikimbia akasimama kati yao, akamweleza Bwana Thorup polepole maana ya kichwa cha Bibi Stoyna. Mgeni aliiva uso kama pilipili. Akavua kofia, akainama mbele ya mabibi, akaomba msamaha kwa kila neno lililokuwemo kwenye kijitabu chake, pamoja na mengine yaliyohusu mizigo iliyopotea uwanja wa ndege. Bibi Stoyna alilegea kidogo.

"Lakini, mama," Bwana Thorup alisema, "rangi ya benchi hii, kiwanda gani?"

"Kiwanda gani tena? Hiki! Rangi ya huyu binti hapa, anayeogopa kivuli chake. Majira mawili ya baridi imekaliwa na theluji, na Dimka."

"Stoyna!" alisema Bibi Dimka.

Barzakov aliona maji yanaelekea shingoni, akajitosa katikati. "Hayo ni mambo ya jibini, bwana. Majaribio ya jikoni. Rangi yetu halisi ndiyo hii. Salama kabisa! Hata mtoto atailamba!"

Bwana Thorup alilisoma bango. Akasogeza kiti kimoja kilichokuwa wazi mbele ya Barzakov, akasema kwa upole wote wa watu wa kwao: "Tafadhali."

Barzakov alikitazama kiti, akalitazama bango, akawatazama wafanyakazi wake mia moja. Kiburi kina gharama. Alifumba macho, akakigusa kiti kwa ncha ya ulimi. Alipofumbua macho yalikuwa mekundu, na alipofungua mdomo ulimi ulikuwa wa kijani kama jani la mchicha. Kuanzia hapo hadi Jumapili alizungumza huku ameziba mdomo kwa mkono.

Bibi Stoyna hakungoja kuombwa. Alijishika kiuno, akainama, akalilamba benchi lake kutoka ncha hadi ncha ya ubao, kama mtu aonjaye mchuzi. Akatafakari. Akamwendea msichana wa mkate, akachovya kidole katika kibakuli cha chumvi, akakilamba pia.

"Inataka chumvi kidogo tu," akatoa hukumu. "Lakini ataitoa wapi masikini Zornitsa? Chumvi yote Plamen ameitia kwenye hotuba yake."

Watu walicheka hadi viti vikawabanduka. Hata Meya alicheka, akiwa amesimama na kiti chake. Bwana Thorup peke yake hakucheka. Alimwendea Zornitsa, akamwuliza rangi ile inaitwa nini.

"Haina jina," Zornitsa alijibu, sauti ikitetemeka. "Niwie radhi. Ni namba sitini na moja. Nilitaka kungoja majira mengine ya baridi."

"Tangu asubuhi nasikia jina la rangi nyingine," Bwana Thorup alisema. "Masikio yangu bado uma. Hii kimya, nimeiona mwenyewe. Nataka hii. Meza zangu zote, bembea zote, watoto wote. Wewe tengeneza, humu, maabara yako. Kubali?"

Zornitsa alitazama toroli la taka. Alikumbuka miaka mitano, mlinzi, paka, mvua. Moyo ulimjaa, machozi yakamtiririka, na kwa furaha yote aliyokuwa nayo akatikisa kichwa huku na huku, kwa nguvu, tena na tena.

Uso wa Bwana Thorup ukaanguka. "Hapana?" aliuliza kwa huzuni, akaanza kuvaa kofia yake.

Zornitsa aliona kosa, akaanza kukiinua kichwa na kukishusha, akaona sasa anakataa kwa lugha ya mama yake, akarudia kutikisa. Wafanyakazi mia moja, kwa kutaka kumsaidia, walitikisa na kuinua pamoja naye, kila mtu upande wake, hata mgeni akapata kizunguzungu.

"Mwanangu!" Bibi Stoyna alinguruma kutoka kando ya benchi lake. "Achana na kichwa! Tumia mdomo, Mungu alikupa!"

"Ndiyo!" Zornitsa alipaza sauti, sauti ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo. "Ndiyo, nakubali! Na sina radhi ya kuomba!"

Mchana ule ule makopo kumi na saba yalishushwa kwenye toroli la taka na kurudishwa rafuni, na Barzakov mwenyewe, mkono mdomoni, alilisukuma toroli tupu hadi ghalani. Mashine ya kuigiza jua na mvua aliiagiza wiki iliyofuata bila kuombwa. Zornitsa alishukuru, ila Ijumaa hakuacha kupita mtaani na daftari lake, maana mashine haijui kusema kweli kama Bibi Stoyna.

Benchi lilirudi kwa trekta, limebebwa kwa heshima mapajani mwa mabibi watatu. Njiani walipishana na gari la matangazo, ambalo hakuna aliyekumbuka kulisimamisha. Lilikuwa bado linazunguka mji, wapiga zumari wamechoka, vipaza sauti vinakwaruza, likiwaimbia kuku sifa za rangi ya kijani. Bibi Stoyna alilipisha, akalitazama likiishilia kwenye kona, akatia mbegu mdomoni na kuwaambia wenzake neno ambalo mji wetu wote umelishuhudia kwa macho, na Meya kwa suruali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.